Mama akirudi chuo, kikao kianzie nyumbani

Mtumishi wa umma akipata nafasi ya kwenda kujiendeleza kielimu, kazini hupongezwa. Akifika nyumbani hukutana na swali: "Na watoto?" Swali hilo ni halali kabisa. Tatizo ni kwamba baba akipata nafasi hiyo, ni mara chache kuulizwa. Inachukuliwa tu kwamba mama yupo.

Mchukulie mwalimu wa shule ya msingi anayeishi Buzebazeba, Manispaa ya Kigoma Ujiji, aliyeajiriwa kwa cheti. Mwenye cheti huanza kazi na mshahara wa TGTS B, mwenye stashahada TGTS C, mwenye shahada TGTS D. Anataka kusoma shahada. Mumewe anacheka, lakini ndani ya kicheko kuna hofu: "Mama watoto, ukishakuwa msomi utatukumbuka sisi?"

Utani wa aina hiyo usipuuzwe. Mume anayeogopa kuachwa nyuma hatasema "nakukataza". Atachelewa kutoa nauli, atanuna siku ya mtihani, au atamwachia mama mkwe aseme kwa niaba yake. Ni heri hofu hiyo izungumzwe mapema, wawili peke yao, bila ndugu wala majirani.

Wakishaelewana hapo, kuna mambo matatu ya kukubaliana.

La kwanza ni ruhusa. Mtumishi hatakiwi kwenda masomoni bila ruhusa ya maandishi ya mwajiri. Anayeondoka kimyakimya kwa kuwa "mkuu wangu ananifahamu" anahesabiwa mtoro, na utoro unaweza kumfukuzisha kazi. Familia inayotegemea mshahara huo ina haki ya kuiona barua ya ruhusa kwa macho kabla begi halijafungwa.

La pili ni muda. Wengi huchagua kusoma huku wakiendelea na kazi, kwa mfano kupitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kina kituo Kigoma. Njia hii haivunji nyumba kwa umbali, lakini inakula jioni. Mama akitoka darasani, apitie sokoni, apike, aogeshe watoto, ndipo afungue kitabu saa nne usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri, mwili utamdai. Ataanza na kichwa kuuma, kisha hasira, kisha kusinzia mbele ya wanafunzi. Saa mbili za kusoma kila jioni lazima zipate mtu wa kuzibeba. Baba anaweza kupika ugali na kusimamia kazi za shule za watoto, na hakuna kitakachompungukia.

La tatu ni fedha, na hapa ndipo nyumba nyingi hujikwaa. Shahada haipandishi mshahara siku ya mahafali. Kubadilishiwa muundo wa utumishi hufuata taratibu, nafasi na bajeti, na huweza kuchukua muda. Lakini wapo wanaoanza kujenga kwa mshahara ambao bado haujaja. Mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara una mpaka, kwani mtumishi anapaswa kubaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Mikopo ya "kausha damu" haina habari na theluthi hiyo. Inachukua hata kadi ya benki, na mwalimu aliyesoma ili apande anajikuta anafundisha bure.

Watu wa Kigoma wanajua kuishi na kusubiri. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wa dagaa huacha kuingia ziwani, na kaya zao hujipanga kwa siku hizo kwa sababu zinajulikana. Miezi kati ya cheti cha shahada na mshahara mpya nayo ipangiwe hivyo hivyo: karo imelipwa na nani, deni gani halitakopwa, na ujenzi gani utasubiri.

Yote hayo yaandikwe kwenye daftari moja, na wote wawili wawe na nakala. Kisha zamu igeuke: mama akimaliza, baba naye aulizwe anataka kusoma nini. Mume aliyeahidiwa zamu yake, na akaiona imeandikwa, hana sababu ya kuuogopa usomi wa mkewe. Kikao hicho kifanyike kabla barua ya maombi haijafika mezani kwa mwalimu mkuu.