Mtandao wa Majirani Hauanzi na Muhuri

Katika vijitabu kama hiki mmezoea kusoma mila zenye ngoma: tohara, ndoa, kutawazwa kwa wazee. Mila tunayoileta leo haina ngoma wala kofia ya ngozi. Ni ujirani. Na tunaileta tukiwa na hasira, kwa sababu hapa Kindu kila mtu anausifu, na karibu kila mtu amesaidia kuuzika, sisi tukiwa mstari wa mbele.

Tukisema "sisi" tunamaanisha mwalimu anayeshika kalamu na majirani zake wa avenu moja ya komini ya Mikelenge. Tumejaribu mara mbili kuunganisha nyumba zetu. Mara ya kwanza tulishindwa vibaya sana. Mara ya pili kitu kilisimama, lakini nacho kilitupatia aibu ambayo tutaieleza, maana bila aibu hiyo tusingeandika.

Ilikuwa mwaka 2006, mwaka wa uchaguzi wa kwanza baada ya vita. Treni ilikuwa imerudi Kindu, mashirika yalikuwa yanafungua biro kila kona, na sisi tulikuwa vijana tuliotoka ISP na diplomu mkononi. Tukaona: tutengeneze mtandao wa avenu. Tukaandika statuti ya vifungu 34, tukiiga ya shirika lingine. Tukachagua komite ya watu 11: prezida, makamu wake, sekretere, makamu wa sekretere, mshika feza, washauri, sawa vile serikali ndogo. Tukachangisha, na mchango wa kwanza wote tukautumia kuchonga muhuri, ile tunayoiita kashe, na kununua soda za siku ya ufunguzi. Mfereji wa maji machafu uliokuwa mbele ya nyumba ya prezida mwenyewe haukuguswa.

Siku ile mama mmoja muuza mchele aliishika ile kashe, akaigeuza, akauliza: "Mwalimu, hii kashe itakuya kulia na sisi?" Watu walicheka, na sisi tulicheka pia. Baada ya miezi mitano komite ilikuwa imekutana mara ine, mara zote kuzungumzia mfadhili ambaye hakuja. Muhuri tunao paka leo. Wino ulikauka zamani.

Sasa tujiulize: kwa nini mtu wa kwetu, akitaka kusaidiana na jirani yake, anaanza kwa kutafuta muhuri? Hatukuzaliwa hivyo. Tulifundishwa. Mbelgiji alikuja na kitabu cha majina na kilimo cha lazima. Mobutu alikuja na salongo, kazi ya Jumamosi ambayo kwa jina ilikuwa ya umoja, na kwa mwili ilikuwa ya kuogopa faini. Wazazi wetu walifyeka majani huku wakiangalia nani anaandika majina. Leo ukimwambia mtu mzima "tuje tusafishe avenu" anasikia sauti ya chama. Wengine wanatutolea mfano wa Rwanda na umuganda wao wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Haya, barabara zao ni safi, hatubishi. Lakini kule iko sheria na iko faini. Sisi tunatafuta kitu kitakachosimama hata siku shefu amesafiri.

Halafu yakaja mashirika, na hapa tuseme wazi bila kukosea heshima. Wengi mnakumbuka Tuungane. Jina zuri, la Kiswahili chetu. Ilianza mwaka 2007, kazi ya IRC pamoja na CARE, kwa feza za serikali ya Uingereza, katika Kivu Kusini, Maniema na Katanga ya wakati ule. Vijiji zaidi ya elfu moja viliingizwa. Kila kijiji kilichagua komite, kikafundishwa utawala mwema, kikapewa dola za kufanya mradi. Madarasa yalijengwa, na mwalimu hawezi kudharau darasa. Lakini lengo halikuwa matofali tu. Lengo lilikuwa kwamba watu, wakishajifunza kwa komite ile, watabadilika: watauliza hesabu, watasikiliza wanawake, hawataacha wakubwa wale peke yao.

Vijiji vilichaguliwa kwa kura ya hadharani, vingine vikaingia, vingine vikabaki nje. Kisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, wakafanya jambo la akili. Walikwenda vijiji vya pande zote mbili wakatoa dola 1.000 kwa kila kijiji, wakaangalia watu watafanya nini nazo. Ripoti ilitoka mwaka 2012. Vijiji vilivyopata mafunzo ya miaka na vijiji ambavyo havikupata kitu vilishughulika na pesa ile karibu sawa.

Wengi waliosoma habari hiyo walisema: basi mafunzo hayakufaa. Sisi tunaisoma upande wa pili. Vile vijiji ambavyo havikufundishwa vilifanya karibu sawa na vilivyofundishwa. Maana yake kulikuwa na kitu kijijini kabla gari la shirika halijaingia. Kulikuwa na namna ya kukaa, kugawana, kugombana na kupatana. Nani alikwenda kuiuliza hiyo namna jina lake? Hakuna. Waliileta komite, na watu wetu, wenye adabu kwa mgeni, wakampa mgeni komite aliyoitaka, kisha wakarudi kwa mambo yao.

Mara yetu ya pili hatukupanga kitu. Mwaka 2011 mzee mmoja wa avenu alikufa, na yule mama muuza mchele akapita nyumba kwa nyumba na kaye ya shule ya binti yake. Franka 500 kila parsele. Asiyekuwa na pesa atoe kuni, sombe, au bidoni ya maji. Binti anaandika, mama anaangalia. Yeye mwenyewe hajui kusoma. Usiku, pale kwenye kilio, mbele ya turubai, binti akasoma kwa sauti yote yaliyoingia na yote yaliyotoka, paka bei ya chumvi. Hakuna aliyesema "utawala mwema". Lakini sisi wenye diplomu, tulioandika vifungu 34, tulikuwa hatujawahi kusoma hesabu mbele ya watu hata siku moja.

Kutoka kwenye kaye ile kila kitu kikafuata polepole. Waliolia pamoja ndio waliokwenda kuzibua mfereji, kwa sababu maji yake yalikuwa yameingia chini ya turubai na watu wakalala kwa matope. Waliozibua mfereji ndio waliosafisha kisima cha chini. Na kati yao wamama wakaanza likelemba, kisha wakaigeuza kuwa AVEC: sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, kuhesabu mbele ya wote, kugawana mwisho wa mzunguko. Tukiri kwamba AVEC si mila yetu. CARE waliianza Niger mwaka 1991, ikatembea Afrika nzima ikatufikia. Lakini iliingia bila taabu, kwa sababu ilikuta likelemba imekaa, ikakaa kando yake. Kwa hiyo hatukatai cha mgeni. Tunakataa mgeni anayeondoa kiti chetu ili aweke chake.

Sasa aibu.

Mwaka 2019 familia moja ilikuja kupanga chumba kwenye avenu yetu. Walitoka upande wa Salamabila, walikuwa wamekimbia vurugu za kule. Baba alikuwa anasukuma mizigo kwa kinga, mama anauza lengalenga. Hawakuwa na ndugu Kindu, hawakuwa na mutualite ya kabila lao hapa karibu, na hawakuwa kwenye kaye, kwa sababu kaye wakati ule ilikuwa imeshakuwa na kanuni: unaingia kwa franka 2.000, kisha unachanga. Kanuni hiyo tuliitia sisi, walimu. Tuliona ni maendeleo.

Mtoto wao alikufa usiku, homa. Asubuhi tuliwaona baba na mama wamekaa chini mbele ya mlango, mwili ndani, hakuna turubai, hakuna moto, hakuna mtu. Tulipita. Tuandike tena: tulipita, tukaenda masomo kufundisha. Mtu mmoja kati yetu alisema, "Hawako kwa kaye," na maneno hayo yalitutosha. Saa sita yule mama muuza mchele alirudi sokoni, akakuta hali ile, akatua beseni yake palepale na kuanza kulia kwa sauti, kilio cha kwetu, cha kuita watu. Ndipo watu wakatoka. Jioni alitukuta barabarani akasema tu: "Walimu, mulisoma nini?"

Hapa ndipo ugomvi wetu na wenzetu wengi wa mji huu, na pengine na wengine wanaoandika katika kijitabu hiki. Wanasema: asiyechanga asililiwe. Wanasema mtu akijua atazikwa bure, hatachanga kamwe, na mtandao utakufa. Ni hoja ya hesabu, na mwalimu wa hesabu ataipenda. Tunaijibu kwa yale tuliyoona. Kwenye kilio cha mtoto yule walikuja watu wengi kuliko waliokuwa kwenye kaye. Mwezi uliofuata baba wa mtoto ndiye aliyekuwa wa kwanza mferejini na jembe. Waliokwepa kuchanga ni wale wale waliokuwa wanakwepa zamani, na wawili kati yao wana nyumba za tofali.

Mutualite za kabila nazo tuziseme. Zilisaidia watu wakati wa vita. Mji ulipozungukwa na njia ya shamba kufungwa, mtu alikwenda kwa watu wa kwao akapata kikombe cha mchele. Hatusahau. Lakini angalia avenu yetu: Mlega, Mkusu, Msongola, Mzimba, Mbangubangu, Mgenya aliyetoka Alunguli na pirogi yake. Nyumba inaposhika moto usiku, mtu wa kwenu anayekaa ng'ambo ya mto atakuja saa ngapi? Mutualite inakuja na turubai siku ya tatu na hotuba. Jirani anakuja na bidoni ya maji. Tukiacha kilio chote mikononi mwa mutualite, tutabaki na mji wa makabila yanayopangishiana vyumba, na siku mwanasiasa atakapotaka kutugawa hatakuwa na kazi kubwa.

Na msitufanye watu wa kusema zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Ndugu zetu Walega wa Pangi wanajivunia bwami, na wana haki. Wabelgiji waliipiga marufuku mwaka 1948 kwa sababu waliona pale nguvu isiyotoka kwao. Bwami ilifundisha tabia kwa methali na vitu vidogo vya mti na pembe, na vingine kati ya vitu hivyo vilikuwa vya wote, viliwekwa kwenye kikapu cha mlinzi mmoja kwa niaba ya wenzake. Kushika cha watu bila kukila: tungependa washika feza wetu wajifunze hapo. Lakini kupanda daraja za bwami kuligharimu mali nyingi, na mwanamke aliingia kwa mlango wa mume wake. Mama muuza mchele ni mjane. Ukitujengea mtandao juu ya mila ya namna hiyo bila kuchagua, umemtoa nje mtu pekee aliyeuanzisha.

Baada ya mwaka 2019 tulitenganisha mambo mawili ambayo tulikuwa tumeyachanganya kwa ujinga. Sanduku la AVEC lina wanachama, lina hisa, lina kanuni, na asiyeweka hapati. Hakuna huruma hapo, pesa ni pesa. Kilio, maji na moto havina mwanachama. Anayelala kwenye avenu ni wa avenu, hata kama amelala usiku mmoja. Kaye inaandika aliyetoa, haiandiki asiyetoa. Tulibishana juu ya sentensi hii ya mwisho wiki tatu nzima, na watu wanne walituacha.

Tuliponea chupuchupu tena. Shirika moja lilikuja kutaka orodha ya watu watano wa kwenda semina, wenye perdiemu. Watano wakaenda, na kwa miezi miwili wengine hawakugusa mfereji: "Wenye perdiemu wazibue." Halafu wakati wa kampeni za Desemba 2023 mtu alileta vitambaa na akataka mtandao ubebe jina lake. Wamama walipokea vitambaa, wakavaa, na jina walikataa. Mpaka leo hatujui kama hiyo ilikuwa hekima au ujanja tu.

Tunajua watu wa mutualite watatukasirikia, na wenzetu walimu wanaopenda statuti pia. Sawa. Tunaketi kila Jumamosi saa kumi ya jioni, chini ya mwembe, karibu na kisima. Kaye ya tano imefunguliwa mwezi uliopita. Binti aliolewa, sasa anayeandika ni mtoto wa yule baba wa kinga. Mkono wake bado ni mbaya, lakini anasoma kwa sauti.