Msasa na Baruti

Miongoni mwa wakusanyaji wa silaha za kale katika Marekani na Ulaya kuna ugomvi wa siku nyingi. Ugomvi huo ni juu ya bastola za fataki, yaani zile bastola za silinda zilizotumika kabla ya risasi za ganda la shaba kuenea. Kundi moja huzifungia katika makabati ya vioo. Kundi la pili huzitoa, huzishindilia baruti na kuzipigia shabaha. La kwanza hulishitaki la pili kuwa ni waharibifu wa amana ya historia. Shitaka ni zito. Lakini mshitaki naye yapasa atazamwe mikono.

Kwanza na itazamwe silaha yenyewe. Samuel Colt alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake katika Marekani mwaka 1836. Bastola yake ya mwaka 1851, iitwayo Navy, iliendelea kutengenezwa hata mwaka 1873, na idadi yake ilipita 200,000. Hujazwa kwa mbele: baruti hutiwa katika kila chumba cha silinda, gololi ya risasi iliyo nene kidogo kuliko chumba huwekwa juu yake, kisha wenzo huishindilia hata ukingo wake ukakatika mfano wa pete. Nyuma ya kila chumba huvishwa fataki. Nyundo ikiipiga, moto huingia katika baruti.

Je, kuipiga shabaha huiharibu bastola hiyo? Naam, mikononi mwa mjinga. Baruti ya kisasa isiyo na moshi yaweza kuipasua silinda. Na masizi ya baruti nyeusi huvuta unyevu, yasipooshwa upesi yakazaa kutu. Lakini mpigaji mwenye maarifa hutia baruti nyeusi tu, tena kwa kipimo pungufu, kwa kuwa shabaha ya mita 25 haidai nguvu ya vitani. Akimaliza huifungua, huiosha kwa maji ya moto, huikausha na kuitia mafuta. Hupungua kidogo, sikatai hilo halikataliki. Ila hupungua katika kazi iliyoundiwa.

Na mwenye kabati hufanya nini? Si wote, lakini ni wengi waonao haya kwa kutu na makovu. Huchukua msasa, wakasugua mpaka chuma kikawa cheupe, kisha wakakirudishia rangi ya samawati iliyokoza. Bastola ikang'aa, na wageni wakasifu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti!

Juu ya silinda ya Navy kuna picha ya vita vya baharini: merikebu za Texas zikipambana na za Mexico karibu na Campeche, tarehe 16 Mei 1843. Mchoro ulikuwa wa W. L. Ormsby, nao uligandamizwa juu ya chuma kwa kina kidogo mno. Msasa wa jioni moja huzizamisha merikebu zilizoelea juu ya chuma kwa zaidi ya miaka 150. Pamoja nazo hufifia namba zilizopigwa katika sehemu mbalimbali, ambazo kwazo hujulikana kama bastola ni moja au imeungwa kwa vipande vya bastola nyingi. Baruti ya miaka kumi haifanyi hayo.

Haisemwi kwamba kila bastola ipigwe. Ile iitwayo Walker, ya mwaka 1847, zilitengenezwa kama 1,100 tu, na silinda za baadhi yake zilipasuka zingali mpya. Hiyo na iachwe katika kabati. Italia imekuwa ikitengeneza nakala tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na mashindano ya kimataifa ya silaha zijazwazo kwa mbele yana daraja la bastola za kale na daraja la nakala. Asiye na hakika na chuma chake, apige nakala.

Wenye msasa hujitetea kuwa kung'arisha ni heshima. Heshima gani? Bastola hizi hazikuwa mapambo. Zilibebwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hata 1865, na katika vita vya kuwapokonya wenyeji wa asili nchi yao. Azifutaye makovu huzifutia na hatia, akakifanya chombo cha mauti kuwa kama kikombe cha fedha. Hana tofauti na mhariri wa hati ya kale afutaye neno asilolipenda, akaweka lake, akaita kazi hiyo usahihisho.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Lakini cha kale kikifanywa kipya hakiwi kipya, wala hakibaki cha kale. Huwa uongo unaong'aa. Mpigaji hukirudisha kabatini na masizi yanayooshwa kwa maji. Uongo wa msasa hauna maji ya kuuosha.