Acheni kutafuta tundu kwa kidole!

Kimya kimekuwa kirefu, zamu za usiku zimenibana. Waliozoea kuja hapa kuangalia picha za maghorofa wanisamehe, leo nina hasira.

Wiki iliyopita aliletwa kijana wa kwetu, opareta wa shoveli kwenye yadi moja hapa Jebel Ali. Kwenye kidole cha shahada alikuwa na kidoa kidogo kama amechomwa sindano. Hakuna damu. Foromani alimpa plasta na panadol asubuhi, akamrudisha kazini. "Ni oili tu, dada," ananiambia, huku jasho linamtoka ndani ya kiyoyozi na kidole kimekakamaa kama kijiti. Usiku huohuo akaingia chumba cha upasuaji. Mkono tumeuokoa. Kidole hakipo.

Kosa lake? Shoveli ilikuwa inanyanyua ndoo kwa kusuasua. Akaona hozi imelowa, akapitisha mkono kutafuta tundu huku injini inanguruma.

Jamani, tupige hesabu. Tairi la gari dogo lina presha ya bar 2 hivi. Ngozi ya binadamu hutobolewa na bar 7 tu. Haidroliki ya shoveli inafanya kazi kwenye bar 200 na zaidi! Tundu usiloliona kwa macho linarusha oili inayopita kwenye glavu na ngozi, kisha inatambaa ndani kufuata mishipa ya kano mpaka kiganjani. Inabana damu isipite na kuunguza nyama. Nje unaona kidoa, ndani kidole kinakufa.

Najua mtakachosema. "Fundi wa kweli anasikia kwa mkono." Huo ni ujuaji, si ufundi. Vitabu vya Caterpillar vyenyewe vinasema tumia kipande cha ubao au katoni. Bandari nzima hii imejaa makatoni, mnakosa kipande kimoja?

Halafu matatizo mengi hayahitaji hata kushika kitu, macho na masikio yanatosha. Egesha pasipo mteremko, shusha ndoo, zima, angalia kiasi cha oili. Ina povu? Inavuta hewa. Imekuwa kama maziwa? Imeingia maji. Pampu inalia? Huenda filta imeziba au oili ni pungufu. Ndoo inashuka yenyewe? Shuku sili za silinda au valvu. Asubuhi ina nguvu, mchana wa Julai imechoka? Oili imekuwa nyepesi kwa joto na inapenya ndani kwa ndani, pampu au silinda imelika.

Kabla ya kufungua hozi yoyote: ndoo chini, injini imezimwa, chezesha liva zote mpaka presha iliyobaki iishe. Na usiingie chini ya mikono iliyonyanyuliwa bila kuweka nguzo yake ya usalama.

Nyie maforomani mnaosema "hakuna muda, kontena zinasubiri": kubadilisha hozi ni kazi ya saa chache. Kidole hakina spea. Huyu kijana anasomesha wadogo zake kwa mkono ule.

Na sisi manesi tusijifanye watakatifu. Wangapi tumeona kidoa kama kile tukasafisha, tukafunga, tukamwambia mtu aende nyumbani? Oili ikiingia kwa presha ni dharura ya upasuaji hata kama mgonjwa anacheka. Kila saa inayopita inaongeza uwezekano wa kukata.

Kwa hiyo likikupata: usikamue, usisubiri uvimbe. Vua pete, inua mkono, usile wala kunywa kwa sababu huenda ukalazwa usingizi wa upasuaji. Piga 998 au nenda hospitali yenye madaktari wa upasuaji. Useme wazi, "Oili ya haidroliki imeingia kwa presha," na utaje jina la oili. Wakikupa plasta, kataa kuondoka. Piga kelele kama uko soko la Kariakoo.

Mwenye kaka, mume au rafiki anayeendesha mashine, mwambie leo. Mengine tutaongea nikipata off.

Alamsiki.