Sukari Imekwenda Wapi?



Kwa familia nyingi za mjini, Jumapili ndiyo siku pekee ambayo wazazi na watoto hukaa meza moja asubuhi. Siku nyingine zote baba hutoka alfajiri kuwahi basi, mama naye ana zamu kazini au meza yake sokoni, na wote hurejea jua limekwisha kuzama. Basi ikitokea leo mtoto wako wa Darasa la Tatu akakoroga chai yake, akachungulia ndani ya kikombe na kuuliza, "Sukari imekwenda wapi?", tafadhali usimjibu, "Kunywa chai, acha maneno." Mtoto huyo amegusa jambo ambalo mwalimu wake wa sayansi atalifundisha kwa vipindi kadhaa, na ambalo, kama nitakavyoeleza, siku moja laweza kuhusu uhai wa ndugu yake mdogo.

Jibu la swali lake ni fupi: sukari haikwenda popote. Lakini usimwambie tu, mwonyeshe.

Chukua kijiko cha chumvi, ukikoroge katika glasi ya maji hadi chumvi isionekane tena. Mwache mtoto aonje tone moja. Jicho halioni kitu, lakini ulimi unashuhudia kwamba chumvi ingalimo. Sasa mimina maji kidogo katika sahani ya bati, uianike juani. Jua likiwa kali, maji yatakauka, na juu ya bati zitabaki chembe nyeupe. Mwambie azionje. Ni chumvi ile ile.

Hivyo ndivyo wafanyavyo wenye mashamba ya chumvi katika pwani yetu. Huingiza maji ya bahari katika mabwawa mapana yenye kina kifupi, kisha huliachia jua na upepo kazi iliyobaki. Kila lita ya maji ya bahari huwa na chumvi ipatayo gramu 35. Maji hupaa, chumvi hubaki chini, nayo hukokotwa na kurundikwa. Huko Uvinza, mkoani Kigoma, mbali kabisa na bahari, watu walichemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja kwa kufuata kanuni iyo hiyo: maji huondoka, chumvi haiondoki.

Wataalamu huyaita mabadiliko ya namna hii mabadiliko ya kiumbo. Kitu hubadilika sura, ukubwa au hali, lakini hakigeuki kuwa kitu kingine. Maji yakiganda huwa barafu, yakichemka huwa mvuke, na mvuke ukikutana na kifuniko cha sufuria kilicho baridi hurudi kuwa matone. Katika hali zote tatu, yaani yabisi, kimiminika na gesi, ni maji yale yale. Yakiganda huhitaji nafasi zaidi, kwa kadiri ya asilimia 9. Ndiyo maana chupa iliyojazwa pomoni na kuwekwa katika friza hupasuka. Hata hivyo uzito wa maji yake hauongezeki wala haupungui.

Hapa lugha yetu yaweza kumtatiza mtoto, kwani twasema barafu "imeyeyuka" na sukari pia "imeyeyuka". Mfafanulie kwamba hayo ni mambo mawili. Barafu huhitaji joto tu ili iwe maji. Sukari ya kwenye kikombe imehitaji maji ya kujichanganya nayo, nayo imegawanyika vipande vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Katika Kiswahili cha darasani twasema sukari imemumunyika, na mchanganyiko wake huitwa mmumunyo.

Walimu wengine husema kwamba mabadiliko ya kiumbo ni yale yanayoweza kurudishwa nyuma. Kanuni hiyo husaidia, lakini haitoshi. Mahindi yakisagwa hayarudi kuwa punje, lakini unga huo ni mahindi yale yale. Swali la kuuliza ni hili: je, kimepatikana kitu kipya? Sukari ukiiunguza katika sufuria mpaka ikawa nyeusi na chungu, hiyo si sukari tena. Mkaa ukiwaka jikoni hukuachia majivu na gesi, na hakuna fundi awezaye kuyarudisha majivu yawe mkaa. Hayo ndiyo mabadiliko ya kikemia.

Sasa, ndugu msomaji, tuje kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mtoto mdogo anapoharisha, mwili wake hupoteza maji na chumvi kwa haraka, na upungufu huo waweza kumuua. Dawa ya kwanza ni maji ya ORS, ambayo pakiti zake hupatikana katika zahanati na maduka ya dawa. Pakiti ikikosekana, mama huweza kutengeneza nyumbani: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikisawazishwa kwa kisu na si kwa kurundika.

Wako wazazi wenye nia njema ambao, wakiisha kuchanganya, huyarudisha maji hayo motoni ili wadudu wa maradhi wafe. Hapo ndipo penye hatari. Mkumbuke mtoto na sahani yake ya bati. Maji yakichemka, kinachopaa ni maji peke yake. Chumvi yote hubaki. Lita moja ikipungua hadi kuwa robo tatu ya lita, chumvi iliyopimwa kwa lita nzima sasa imo katika maji machache zaidi. Mchanganyiko umekuwa mkali, na hakuna rangi wala moshi wa kukuonya. Chumvi ikizidi, dawa iliyokusudiwa kumwokoa mtoto humdhuru.

Basi utaratibu ni huu. Chemsha maji kwanza. Yaache yapoe. Pima lita moja baada ya kuchemsha, wala si kabla. Kisha ndipo uchanganye, na ukiisha kuchanganya usichemshe tena. Yakibaki baada ya saa 24, yamwage utengeneze mengine. Na wakati ukimnywesha mtoto kidogo kidogo, fanya safari ya kumpeleka kwa mganga.

Kwa sababu hiyo hiyo, wale wanaotumia maji ya visima yenye chumvichumvi wasidhani kwamba kuyachemsha kutaondoa chumvi. Kuchemsha huua vijidudu, na ni jambo jema lifanyike kila siku. Lakini ladha ya chumvi haitapungua, bali itazidi kidogo.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mtoto aliyeuliza habari za sukari leo, akajibiwa kwa sahani ya bati na jua la uani, hatasahau kwamba kitu kisichoonekana si lazima kiwe kimetoweka. Kesho atakuwa mama au baba, amesimama jikoni usiku, mtoto wake akiharisha, na jirani akimshauri ayarudishe yale maji motoni. Atajua la kufanya, na atajua kwa nini.

Kwa hiyo leo, kabla hamjaondoa vyombo vya chai mezani, mpe kijiko, chumvi na sahani. Kesho jioni ukirudi kazini, mwulize amekuta nini.