Nani Aliyechelewa?

Katika maneno tunayoyatumia kumkatia mtu hukumu kabla hajasikilizwa, silijui lililo kali kuliko "umechelewa". Anayeambiwa hawezi atajaribu, na huenda akamwaibisha aliyemwambia. Anayeambiwa hafai atatafuta anapofaa. Lakini anayeambiwa amechelewa huwa amekubaliwa na kukataliwa kwa pumzi moja: ungeweza, ungefaa, ila wakati wako umepita na wewe hukujua. Hukumu hii haina rufaa, na anayeitoa huiona kuwa ni huruma. Nakusudia kuipinga.

Miaka kadhaa iliyopita nilipanda kwenda Karatu kwa kazi ya kutafsiri. Karatu ni mji wa njiani: wageni hulala hapo, alfajiri wakaelekea lango la Ngorongoro, jioni wakarudi na vumbi jekundu nguoni. Sisi watu wa pwani baridi ya kule hututoa machozi. Usiku wa kwanza, wageni wakiwa mezani, waliingia vijana sita waliojifunga shuka nyekundu, wakaimba, wakaruka, wakapigiwa makofi, kisha wakatokea mlango wa jikoni. Baadaye nilipokwenda kuomba maji ya moto nilimkuta mmoja wao anaosha masufuria. Alikuwa Mwiraqw, shuka ile haikuwa vazi la kwao, wala ngoma ile haikuwa ngoma ya kwao. Aliajiriwa kwa vyombo, na kuruka kukaongezwa juu yake.

Tulizungumza, na aliponijua kuwa ni mtu wa mashairi akanifungulia siri yake. Alikuwa akijifunza baleti, ile ngoma ya Kizungu ya jukwaani, kwa kutazama picha za simu. Kila usiku, kazi ikiisha, alisimama kwenye saruji nyuma ya jiko, akashika bomba la tangi la maji, akarudia alichokiona. Akavua mabuti ya mpira akanionyesha. Sina ujuzi wa kumpa alama mcheza baleti. Niliona mgongo ulionyooka, goti lisilotetemeka, na kijana aliyeruka juu akashuka kwenye saruji bila kishindo.

Akaniuliza, "Mzee, kuna mgeni aliyewahi kufundisha ngoma hii. Aliniambia nina miaka kumi na tisa, nimechelewa. Ni kweli?"

Nikamjibu kama watu wazima wanavyojibu wanapokosa jibu: "Inshallah kheri." Makala haya ni jibu nililokuwa nadaiwa tangu usiku ule.

Kwanza nimpe mpinzani wangu haki yake. Mgeni yule hakusema uongo. Baleti ni sanaa yenye saa kali. Shule ya Opera ya Paris, iliyoanzishwa mwaka 1713, huchukua watoto, na si bila sababu: nyonga hufundishwa kugeuka nje mifupa ikiwa bado inakua, na unyayo hujengwa pole pole kwa miaka mingi. Mwisho nao huja mapema. Katika Opera hiyo hiyo mchezaji hustaafu akiwa na miaka 42, umri ambao mshairi ndio kwanza anaanza kuaminiwa. Anayeanza akiwa na miaka 19 ana safari fupi na mzigo mzito, na anayemficha hayo hampendi.

Lakini kweli ya mifupa ni jambo moja, na neno "umechelewa" ni jambo la pili. Sisi wa visiwani tunajua kuchelewa ni nini. Anayefika bandarini boti imekwisha kung'oa nanga amechelewa, kwa kuwa ratiba ilibandikwa, tiketi iliuzwa, na wenzake walipanda. Je, aliyezaliwa penye ufuko usiopata kutiwa nanga na chombo chochote naye amechelewa? Kijana yule alipokuwa na miaka minane Karatu haikuwa na shule ya baleti. Alipokuwa na miaka kumi na miwili haikuwa nayo. Mijini yapo madarasa ya kulipia, kwa watoto wa wenye nafasi. Baina yake na madarasa hayo palikuwa na nauli, ada, na mbuzi wa baba waliohitaji mchungaji. Saa anayohukumiwa nayo haikutundikwa ukutani kwao. Asiyefikiwa na chombo tusimwite aliyechelewa.

Tena saa yenyewe si kali kama wanavyoisimulia. Rudolf Nureyev, ambaye dunia ilimhesabu miongoni mwa wacheza baleti wakuu wa karne iliyopita, aliingia shule ya Leningrad mwaka 1955 akiwa na miaka 17, umri ambao wenzake walikuwa wanakaribia kumaliza. Kabla ya hapo alipata masomo machache huko Ufa, na utotoni alicheza ngoma za kienyeji za kwao. Misty Copeland wa Marekani alianza akiwa na miaka 13, akaambiwa amechelewa, na mwaka 2015 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupandishwa daraja la juu kabisa katika American Ballet Theatre. Najua nitajibiwa kwamba hao ni wachache. Naam, ni wachache. Lakini hata katika walioanza na miaka minane wanaofika jukwaa kubwa ni wachache, na hakuna anayewakataza watoto wa miaka minane kwa hoja hiyo.

Tutazame karibu zaidi. Kibera, Nairobi, mwalimu Michael Wamaya alifundisha baleti watoto ambao hakuna aliyewatazamia, na mwaka 2017 akatajwa miongoni mwa walimu kumi waliofika fainali ya tuzo ya dunia ya ualimu. Joel Kioko, mtoto wa kitongoji cha mabanda cha Kuwinda, jijini humo humo, alitoka huko akafika shule ya English National Ballet, London. Mifupa ya Nairobi si laini kuliko ya Karatu. Tofauti ni kwamba kule alitokea mtu akafungua mlango.

Hapa ndugu zangu wapenda methali watanirushia ile ya samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo naiheshimu, ila naona imesemwa na mpishi mvivu. Jikoni kwetu papa mkavu, mgumu kama ubao, hulowekwa usiku, na asubuhi hulainika akaliwa. Pweza hupigwa mpaka akalegea. Hakuna mama wa Kiunguja aliyemtupa papa kwa kuwa hakumpata mbichi. Kinachotakiwa ni maji, muda, na mkono wa kumshughulikia. Na hivyo vitatu ndivyo tunavyowanyima vijana, kisha tukailaumu mifupa yao.

Linaloniudhi zaidi ni mahali hukumu hii ilipotolewa. Ngorongoro ndiko iliko Laetoli, ambako mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilifukua nyayo za waliotembea kwa miguu miwili yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Ngorongoro pia ni nyumbani kwa Wamasai, na kwao kuruka kuna wakati wake: watoto huiga wakichunga ndama, lakini uwanja wenyewe ni wa moran, vijana waliokwisha kutahiriwa. Yaani kwa jirani wa kijana yule, umri ambao baleti hufunga mlango ndio umri ambao ngoma hufungua wake. Nani basi aliyeamua kwamba mwili wa mtu una saa moja tu?

Na ngoma hiyo tumeifanya nini? Tumeifanya kitoweo. Mgeni hulipa kiingilio bomani, huruka mara tatu pamoja na wenyeji, hupiga picha, huondoka. Mahotelini Mwiraqw huvishwa shuka ya Mmasai, kwa kuwa ndiyo mgeni aliyoiona kwenye karatasi za matangazo. Hapo hakuna anayemuuliza kijana alianza lini wala alifunzwa na nani. Akicheza kama kielelezo cha mambo ya kale, umri wake unafaa na saruji inafaa. Akitaka kucheza kama msanii, mwenye mwalimu, mshahara na jina lake kwenye tangazo, ndipo amechelewa. Dharau hii inawapata wote wawili: Mmasai ambaye ngoma yake inavaliwa kama aproni, na Mwiraqw ambaye yake haiulizwi.

Sisi wa Unguja tusijione tumepona. Siti binti Saad alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, akaingia mjini mwaka 1911 akiwa mwanamke mzima, na santuri zake za kwanza zilirekodiwa Bombay mwaka 1928, umri ukikaribia hamsini. Leo tunajivunia. Najua koo si nyonga, na sauti husubiri kuliko goti. Lakini kama mjini asingepata wa kumfunza na kumsikiliza, sauti ile ingezeeka Fumba ikiuza vyungu, nasi tungesema alichelewa.

Nami nina langu. Sikusoma chuo. Nilijifunza kuhesabu mizani nikiwa na miaka thelathini na moja, ghalani, nikihesabu magunia ya karafuu mchana na silabi usiku. Mhariri mmoja alinirudishia mashairi yangu na kunishauri niwaachie walioanza madrasani. Vina vyangu vilikuwa vibovu, na hilo alikuwa na haki ya kulisema. Umri wangu haukumhusu.

Basi nasema na wenye uwezo. Tangu mwaka 1981 tuna chuo cha sanaa Bagamoyo, kilichojengwa juu ya kazi ya kikundi cha ngoma cha taifa. Ni jambo la kujivunia, lakini kwa kijana wa Karatu Bagamoyo ni upande wa pili wa nchi. Wilaya inayopitiwa na fedha nyingi hivyo za wageni haishindwi kujenga ukumbi mmoja wenye sakafu ya mbao na kumlipa mwalimu mmoja. Na wenye mahoteli, kumbi zenu huwa tupu mchana kutwa: wapeni vijana wanaowachezea usiku, na muwalipe kwa ngoma kama mnavyowalipa kwa vyombo.

Na wewe kijana, kama karatasi hii itakufikia: sikuahidi Paris. Huenda nyonga zako zikakataa. Huenda ukawa mwalimu wa watoto wa miaka minane watakaoikuta Karatu ina mlango. Au utacheza miaka kumi, kisha basi, nayo itakuwa miaka kumi ya haki yako. Lakini atakayekuuliza kwa nini umechelewa, mjibu kwa ubeti huu, nimekutungia:

Mliofunga milango, msiseme nachelewa,
Nionyesheni kiwango, na saa niliyopewa,
Sikuuona mpango, wala sikuelezewa,
Asoitiwa ulingo, vipi awe kachelewa?