Njia ya Wote Isiliwe na Jembe la Mmoja



Safari hii tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hulipita kila siku bila kulitazama. Nalo ni vijia vyetu: zile njia nyembamba zinazounganisha kitongoji na kitongoji, nyumba na kisima, shamba na mnada, na zinazomfikisha mgonjwa katika Hospitali ya Mtakatifu Carolus hapa Mtinko. Humo anapita mama mwenye ndoo kichwani, mtoto wa shule, mchungaji na mbuzi wake, na kijana aliyefunga gunia la alizeti nyuma ya baiskeli. Kwa kuwa ni mali ya wote, kila mmoja hudhani kuwa yupo mwingine wa kuzitunza.

Maadui wa kijia ni wawili. Wa kwanza ni maji. Mvua zetu za Singida hunyesha katika msimu mmoja, na zinapoangukia ardhi iliyokauka kwa miezi mingi, maji hukimbia badala ya kuzama. Kijia kinachoteremka moja kwa moja hugeuka mfereji. Gurudumu likipita katika tope huacha mstari, mvua ya kesho huufuata mstari huo, na baada ya misimu michache tunakuta korongo. Adui wa pili ni jembe. Mwaka huu linaongezwa tuta moja kando ya njia, mwaka ujao jingine, kisha unasimamishwa uzio wa miiba, na anayeuliza huambiwa kwamba hapo hapakuwahi kuwa na njia.

Mwenye gari hana habari na hasara hii. Anayeumia ni mwenda kwa miguu na mwenye baiskeli. Ndiyo maana tunaona ni vema waendesha baiskeli, hasa vijana wenye baiskeli imara za gia, wawe wa kwanza kujitolea kuvitunza na kuvitetea vijia hivi.

Jambo hili si geni duniani. Huko California, Marekani, waendesha baiskeli za milimani walianza kufungiwa njia za misituni na vilimani, kwa kuwa watembea kwa miguu na wapanda farasi waliulalamikia mwendo wao wa kasi. Mwaka 1988 vyama vyao vitano viliunda umoja, International Mountain Bicycling Association. Walijiwekea kanuni: kutopita njia iliyofungwa, kutoacha uharibifu nyuma yao, kuwapisha wengine na kutowashtua wanyama. Kisha wakashika majembe na kuzitengeneza njia kwa kujitolea. Aliyeonekana kuwa mharibifu akawa mtunzaji, na neno lake likaanza kusikilizwa. Hapa nchini, Umoja wa Waendesha Baiskeli, UWABA, uliandaa misafara ya baiskeli jijini Dar es Salaam kudai njia salama. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kutoa huduma mwaka 2016, barabara zake zilikuwa zimejengwa pamoja na njia za waenda kwa miguu na za baiskeli.

Basi, tunajifunza kwamba kazi hii ina sehemu mbili, nazo haziachani: mikono na sauti.

Kwa mikono, msaragambo wa nusu siku kabla ya mvua unatosha kuokoa kijia kirefu. Yachimbwe matoleo ya maji ya mshazari kwenye miteremko, ili maji yatoke njiani kabla hayajapata nguvu. Mashimo yajazwe mawe na changarawe. Matawi ya miiba yakatwe na kuondolewa kabisa, yasiachwe chini yakatoboa miguu na matairi. Na wakati wa tope, mwenye baiskeli ashuke na kuikokota.

Kwa sauti, tutumie haki tuliyopewa na sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inatambua ardhi ya matumizi ya pamoja, nayo Halmashauri ya Kijiji ina wajibu wa kutunza daftari la ardhi hiyo. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kijia kisichoandikwa popote kitatetewa kwa kumbukumbu za wazee tu, na wazee hawaishi milele. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Huko ndiko mahali pa kusema, wala si kwenye vilabu vya pombe.

Hata hivyo, haki haitetewi kwa kumwonea mwingine. Mkulima mwenye ekari moja, ambaye kijia kinalikata shamba lake katikati, naye ana haki ya kusikilizwa. Pengine njia inaweza kuhamishiwa mpakani kwa mapatano, mbele ya mashahidi, na mapatano hayo yakaandikwa. Kung'oa uzio wake usiku si utetezi wa haki. Huo ni ugomvi utakaorithiwa na watoto.

Vilevile vijana wetu wakumbuke kwamba baiskeli haimpi mtu ukubwa njiani. Mwenye mzigo kichwani, mzee, mtoto na mlemavu wapishwe kwanza. Kengele ni ya kutoa taarifa, wala si amri ya kumfukuza mtu.

Tunaziomba basi jumuiya ndogo ndogo zifanye mambo matatu kabla mvua hazijaanza: kuviorodhesha vijia vya eneo lao pamoja na majirani wa dini zote, kuteua watu wa kujitolea watakaosimamia kila kijia, na kuipeleka orodha hiyo kwa mwenyekiti wa kijiji ili iingizwe katika ajenda ya Mkutano Mkuu. Tusisubiri greda la serikali lifike kila kichaka. Majembe tunayo, na katika mkutano kila mmoja wetu ana kauli.