Masikio yetu si mali ya kamati

Najua nimepotea, si mnajua wenyewe tena, mambo ya UE. Leo sina habari za bumu wala za nani kala sapu. Leo nimekuja na ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na ndugu zetu wa kamati ya burudani.

Matangazo ya pati ya kuwakaribisha mwaka wa kwanza yameshabandikwa kila ukuta, kuanzia kantini mpaka mlango wa maktaba. Hebu yasomeni vizuri. Hayajisifu kwa chakula, hayajisifu kwa ulinzi, hata DJ mwenyewe kaandikwa kwa herufi ndogo. Kinachojisifiwa ni spika! Idadi ya spika, na eti "ukuta utatikisika". Yaani watu wazima wamekaa kikao na jambo kubwa waliloona la kututangazia ni kwamba tutatoka mle tukiwa hatusikilizani. Na sisi tunashangilia!

Hoja yangu ni moja tu. Ukubwa wa sauti kwenye pati si mvua, kwamba imenyesha basi tuvumilie. Ni uamuzi. Kuna mtu anashika kitufe na anaamua. Kamati ikitulisha chakula kibovu tukaharisha, hapa patachimbika. Sasa kwa nini ikituharibia masikio tuseme "pati ilikuwa kali"?

Tuanze na ule mlio. Nani kati yetu hajawahi kurudi bwenini saa tisa usiku, akazima taa, akasikia nziiiii kichwani kama mbu asiyeonekana? Wale mliowahi kutibiwa malaria kwa kwinini mnaujua mlio unaofanana na huo. Wa kwinini kwa kawaida huondoka dozi ikiisha. Wa mziki nao mara nyingi huondoka baada ya saa kadhaa au siku moja mbili, na hapo ndipo tunapojidanganya. "Si umeondoka? Basi nimepona."

Sikio halipo hivyo, bana. Ndani kabisa, kwenye kile kiungo kilichojikunja kama konokono, kila sikio lina seli zenye vinyweleo kama elfu kumi na tano hivi. Ndizo zinazogeuza mtikisiko wa hewa kuwa habari ya kupeleka kwenye ubongo. Sauti kubwa inazichosha, ikizidi inaziua, na zikifa hazioti tena. Kuku akiharibikiwa zake anaota nyingine. Kuku! Binadamu mwenye digrii hawezi.

Tena kuna jambo baya zaidi. Mwaka 2009 watafiti wawili wa Marekani, Sharon Kujawa na Charles Liberman, walichapisha utafiti waliofanya kwa panya. Waliwapigia kelele, usikivu ukashuka, kisha ukapanda tena mpaka vipimo vikaonyesha panya wamepona. Walipochungulia ndani wakakuta sehemu kubwa ya viungio kati ya zile seli na neva ya kusikia vimepotea, na havikurudi. Kwa binadamu mjadala bado unaendelea, sawa, sisi si panya. Ila mtu asije akaniambia kwamba mlio ukiondoka ndo ushahidi kuwa hakuna kilichoharibika.

Halafu kuna wale wa "masikio yanazoea". Jamani, masikio si miguu kwamba ukitembea peku ngozi inakomaa. Ukiona sauti iliyokuumiza mwaka wa kwanza haikuumizi mwaka wa tatu, usijipongeze. Huenda husikii tena ulivyokuwa unasikia. Na uharibifu wa kelele huanza kwenye sauti nyembamba, zile za herufi kama s, f na sh. Kwa hiyo unasikia kwamba mtu anaongea, ila hushiki anasema nini. Anakwambia "fika" wewe unasikia "shika". Sasa kaa na masikio hayo nyuma kabisa ya ukumbi wa mihadhara, watu mia tano wanakohoa, mhadhiri anaongea na ubao. Utadesa mpaka lini?

Hesabu yenyewe wala haihitaji mtu wa uhandisi. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa usalama kazini wa Marekani ni desibeli 85 kwa saa nane. Kila ukiongeza desibeli 3, muda salama unakatika nusu. 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 94 saa moja, 97 nusu saa, na 100 ni dakika kumi na tano. Pati zetu zinaanza saa tatu usiku na kwisha alfajiri. Piga hesabu mwenyewe. Na kama huna kipimo, tumia mdomo wako. Ukilazimika kupiga kelele ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, mahali hapo tayari ni hatari.

Kuna mshikaji wangu, yuko mwaka wa nne, jina naliacha. Zaidi ya mwaka mmoja uliopita alisimama karibu na spika kwenye pati moja karibu usiku kucha, na mlio wa usiku ule haujaondoka mpaka leo. Mwanzoni alikuwa halali, hasomi, mpole kama kamwagiwa maji. Wakatokea waganga wa bwenini: huyu tia mafuta ya nazi ya moto, yule tia kitunguu saumu, mwingine kaleta vidonge vya mitishamba kwa bei ya kufuru. Hakuna kilichosaidia, na hayo mafuta ya moto yangeweza kumuunguza. Mpaka leo hakuna kidonge kilichothibitishwa kuuondoa mlio wa namna hiyo, na anayekuuzia kwa jina la "tiba kamili" anakuibia.

Kilichomsaidia ni daktari wa masikio, pua na koo, aliyemkagua kwanza kama ni nta tu, akampima usikivu, akamweleza ukweli. Akaacha kulala kwenye kimya cha kaburi. Sasa anawasha feni, au redio kwa sauti ya chini, ili mlio usiwe peke yake chumbani. Akaanza kuonana na mshauri kuhusu ile hofu, kwa sababu hofu na mlio vinalishana: ukiusikiliza unaogopa, ukiogopa unausikia zaidi. Leo siku nzima inapita hajaukumbuka. Haujaondoka, ila ubongo umeacha kuusalimia. Huko nako ni kupona, tena kwa watu wengi ndo kupona kwenyewe. Ila kama usikivu umeshuka ghafla, hasa sikio moja, au mlio unadunda kama mapigo ya moyo, au kuna kizunguzungu, usisubiri wikiendi iishe. Usikivu ukishuka ghafla, dawa zina nafasi nzuri zaidi zikianza ndani ya siku chache za mwanzo.

Najua jibu la kamati: "Asiyetaka kelele abaki chumbani." Haya. Na mlinzi aliyepangwa mlangoni naye abaki chumbani? Mama anayekaanga chipsi nyuma ya ukumbi? Yule kijana anayekusanya chupa mpaka asubuhi? Hao hawakuja kucheza, wamekuja kutafuta riziki, na kwenye kiwanda chenye kelele kama hiyo wangetakiwa kupewa kinga. Nyie mnawapa soda.

Jibu la pili: "Mziki wa chini si mziki." Waulizeni wanamuziki wenyewe. Mwaka 1976 bendi ya The Who ilipimwa desibeli 126 pale Charlton, London, umbali wa mita 32 kutoka kwenye spika, ikaingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Baadaye wenye kitabu wakaacha kuweka rekodi ya namna hiyo, wasije wakachochea watu kuumizana masikio. Na mpiga gitaa wa bendi hiyo, Pete Townshend, ana mlio na usikivu uliopungua. Aliwahi kueleza kuwa lawama kubwa anazitupia hedifoni za studio kuliko jukwaa. Kwa hiyo na wewe unayelala na spika za masikioni zikiwa juu kabisa, usidhani ugomvi huu haukuhusu. Shusha mpaka kama asilimia 60 hivi, na uyapumzishe masikio.

Sasa nataka nini? Sitaki pati ifutwe, na mimi napenda kucheza. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango cha kumbi na matamasha: wastani usizidi desibeli 100 kwa kila dakika kumi na tano, sauti ipimwe muda wote, spika zipangwe vizuri, kuwe na vizibo vya masikio, kuwe na sehemu tulivu ya kupumzikia, na wahusika wafundishwe. Hata hiyo 100 mimi naiona kubwa, ila tuanzie hapo. Kamati iweke uzio mita kadhaa mbele ya spika, maana kwenye uwanja wa wazi kila ukizidisha umbali mara mbili unapunguza kama desibeli 6, bila senti tano. Hela ya spika mbili za ziada inunue vizibo vya sponji, vya bure mlangoni, na walinzi wawe wa kwanza kupewa. Pamba na karatasi ya chooni havisaidii kitu cha maana, tusidanganyane.

Na wasije wakasema haya ni mambo ya Wazungu. Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015. Kenya ilitunga zake mwaka 2009. Mwaka 2023 NEMC ilifungia baa na kumbi za starehe kwa sababu ya kelele. Kama baa ya mtaani inaweza kufungwa, chuo kina kinga gani?

Kikao cha kamati kiko wazi kwa kila mwanafunzi. Mimi nitakwenda na maombi yangu manne kwenye karatasi: kipimo, uzio, vizibo, sehemu tulivu. Atakayeniunga mkono aje tukae upande mmoja. Atakayepinga naye aje, ila ajibu swali hili kwa sauti ya kawaida: mtoto wa mwaka wa kwanza akiondoka pale na mlio usioisha, nani atalala nao?

Nawasilisha.